Jitu la Awuor na Ugonjwa Wake

Harufu ya gundi ya panchari, ikichanganyika na moshi wa mpira unaoungua na vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Sirare, Tanzania, ndiyo harufu ya utoto wangu. Hata leo, nikipita mbele ya fundi wa magurudumu hapa Rangwe, shingo yangu hunyooka yenyewe, kama ya mtu aliyeitwa kukalia kiti chake. Nililelewa Isebania, nyuma ya soko, ambako mama yangu aliuza nguo za mitumba. Kando ya kibanda chetu palikuwa na karakana ya baba yake Robi, Mkuria mmoja mpole aliyeziba magurudumu ya malori, na nyuma ya karakana hiyo yalisimama mapipa mawili yaliyobeba ubao wa ubavu wa lori lililopinduka zamani. Ubao huo tuliuita Meza. Juu ya Meza sisi watoto tulipigana vita, na katika msimu ninaotaka kuusimulia, yaani kuanzia Jumatatu ya Pasaka hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Agosti, Meza ilikuwa yangu.

Nazitaja siku hizo kwa uhakika ingawa wakati huo sikuweza kusoma hata kalenda ya ukutani. Nilichelewa kuingia shule. Tarehe nilizipata baadaye, na nilipozipata nilirudi nyuma katika maisha yangu nikazibandika moja moja, kwa kumuuliza mama mahindi yalikuwa yamefika wapi, au ni mnada gani wa ng'ombe uliofuata. Mtu aliyepewa kalamu akiwa mdogo haoni ajabu yoyote katika kuandika siku na mwezi juu ya ukurasa. Mimi niliipata nikiwa msichana wa kushonewa sare ya kimo cha mwalimu, na hadi leo, katika kazi yangu ya ushonaji, sikati kitambaa kabla ya kuandika tarehe kwa chaki pembeni.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila mchezaji alikuwa na jeshi la vizibo vya soda vilivyojazwa nta ya mshumaa ili visipeperushwe na upepo wa malori, na kila jeshi liliongozwa na jitu. Jivu lilimwagwa katikati ya Meza likawa mto, mawe yakawa vilima, na aliyekishika kilima cha kati wakati kivuli cha paa kilipofika ukingo wa Meza ndiye aliyeshinda. Mwendo ulipimwa kwa spoki ya baiskeli. Pigo liliamuliwa kwa kurusha vizibo viwili vitupu: vyote vikilala chali, umepiga, kimoja kikilala kifudifudi, umekosa. Majitu ndiyo yaliyokuwa roho ya mchezo. Hatukuwa tumeona roboti popote isipokuwa kwenye kifua cha fulana moja ya mtoto iliyotoka katika mzigo wa mama: mtu wa chuma mwenye mabega kama milango, ngumi zake zikitoa moto. Mama aliiuza fulana ile kwa mvuvi wa Muhuru, lakini picha ilikuwa imekwisha kutuingia. Kila mmoja wetu alianza kuokota mabati.

Jitu langu liliitwa Komanda. Mwili wake ulikuwa kopo la dawa ya mbu, miguu yake vali za magurudumu, mikono yake waya wa breki. Tangu Pasaka hakuna aliyemshinda, na kwa sababu hiyo nilikalia kiti. Kilikuwa kiti cha dereva, kilichong'olewa katika lori lile lile, chenye springi zilizolia ukikaa, na aliyeishika Meza ndiye pekee aliyeruhusiwa kukikalia. Wengine wote walisimama. Ndiye pia aliyevipa vilima majina. Mimi, ambaye asubuhi nilichota maji na mchana nilikunja suruali za watu nisiowajua, jioni nilikaa juu ya springi zile na watoto wenye sare wakaniuliza, "Atieno, leo kilima hiki kinaitwaje?" Hakukuwa na kitu kingine duniani ambacho watoto wa shule waliniomba mimi.

Robi hakucheza. Alikuwa mkubwa kwetu kidogo, ubao ulikuwa wa baba yake, basi akawa mwamuzi. Sheria aliyoilinda kuliko zote aliitoa kwa babu yake aliyeuza madume ya ng'ombe mnadani. Babu yule, kabla ya kupeana mkono na mnunuzi, alimzungusha dume mbele ya watu, akaacha ashikwe meno na kwato, kisha akautaja kwa sauti ugonjwa wake. Dume asiyetajwa ugonjwa hakununuliwa, maana dume mzima kabisa hakuna aliyewahi kumwona. Kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Jitu jipya halikuingia vitani kabla ya siku yake ya kuonyeshwa. Lililetwa limefunikwa, likafunuliwa, likashikwashikwa na kila mtu, kisha mwenyewe akaeleza linatembeaje, linapigaje na linaumwa nini. Uongo ulikatazwa. Lakini sote tulikuwa tumejifunza, kama wauza ng'ombe walivyojifunza, kutaja ugonjwa mdogo ili mkubwa upite. "Komanda haoni vizuri jua likimpiga machoni," nilisema siku yangu, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Kwamba mguu wake ulichomoka akisukumwa kwa nyuma, hilo hakuna aliyeniuliza.

Awuor alikuja katika likizo ya Agosti. Alikuwa binti wa baba mdogo, kwa hiyo ni dada yangu, na sisi Waluo huitana nyar baba, binti ya baba. Tulizaliwa msimu mmoja, lakini yeye alisoma shule ya bweni kule Kendu Bay na mimi sikusoma popote. Alifika na sanduku la bati lenye kufuli. Soksi zake zilikuwa nyeupe hadi juu, na alipomsalimu mama, mikono yake ilinukia sabuni ya kuogea. "Tazama ngozi ya mwenzio," mama aliniambia. Nilitazama. Sijaacha kutazama hadi leo.

Mwanzoni alisimama tu kando ya Meza, akifuata mchezo kwa macho. Kisha akaanza kuokota. Alimwomba baba yake Robi plagi kuukuu ya injini, akapewa siku ile ile. Plagi hiyo hiyo mimi nilikuwa nimeiomba tangu mvua za masika na kuambiwa ningoje. Alikuwa na gundi yake mwenyewe, ndani ya sanduku. Alikuwa na rangi nyeupe ya viatu vya michezo. Nilimsikia akikwangua bati nyuma ya kibanda chetu, na kila mkwaruzo niliuhisi kwenye meno. Nilimwuliza anatengeneza nini, naye akajibu kwa ile sauti yake ya darasani, "Utaona siku ya kuonyesha, nyar baba. Si ndiyo sheria?"

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumamosi iliyotangulia ile ya mwisho wa mwezi. Awuor alikuja na kitu chake kimefunikwa kwa leso, na leso yenyewe ilikuwa ya mama yangu, ile mpya, ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuikunja.

"Haya, sogeeni, lakini msilipumulie," Robi alisema. "Awuor, toa nguo."

Leso ikatoka. Kimo cha jitu lile kilikuwa kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole. Kifua chake kilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwanguliwa ukang'aa, kichwa chake ile plagi yangu, macho yake balbu mbili za tochi. Goti lake la kulia lilikuwa na springi, likanesa lenyewe lilipowekwa chini, na sote tukarudi nyuma hatua moja. Kifuani kulikuwa na herufi nyeupe. Watoto wenye sare walizisoma kwa pamoja, "RA-DI," nami nikachezesha midomo ili nionekane nasoma. Kisha Awuor akagusa kifua kwa ukucha na mlango mdogo ukafunguka upande wa kulia. Ndani alikaa dereva, aliyechongwa kutoka kwenye kifutio. Mimi sikuwa nimewahi kumiliki kifutio. Yeye alikuwa navyo vya kutosha hata kuchongea watu.

"Yawa!" mtoto mmoja akapiga kelele. "Huyu atamla Komanda na chumvi."

"Atieno, funga mdomo, nzi zitaingia," mwingine akasema, na wote wakacheka.

"Nyamazeni," Robi alisema. "Anatembeaje?"

"Spoki mbili kwa zamu moja." Komanda wangu alitembea moja.

"Anapigaje?"

"Kwa ngumi ya kulia. Akikosa, anarusha tena."

"Na anaumwa nini?"

Awuor alimwinua Radi, akatuonyesha mguu wa kushoto. "Hawezi kugeuka kushoto. Springi ya goti ni ya kalamu, na kalamu nilikuwa na moja tu, basi goti hili halina. Akigeuka kushoto anaanguka, na akianguka hainuki tena."

Hakuna aliyewahi kuutaja ugonjwa wa kuua namna hiyo. Hata Robi alimtazama kwa mashaka. "Umesema?"

"Nimesema."

Sikumwamini. Nilicheka moyoni, tena kwa sauti kubwa ya moyoni. Msichana anayesoma bweni, mwenye kufuli kwenye sanduku, atoe siri ya jitu lake mbele ya adui kama mtu anayeomba maji? Nilijiambia kwamba huo ndio ujanja unaofundishwa Kendu Bay: unapiga kelele kuhusu goti ili watu wasitazame kwingine. Juma lote lile, nikikunja suruali, nilimtafuta Radi ugonjwa wake wa kweli, na kadiri nilivyozidi kuukumbuka mlango ule wa kifua na kifutio kile ndani yake, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ugonjwa umo humo. Mlango ulifungukia kulia. Basi vita vyangu vingekuwa upande wa kulia.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti nilikaa kwenye kiti na kupanga vizibo vyangu vyote kwenye ubavu wa kulia wa Radi, na Komanda mbele yao. Kushoto kwake niliacha mawe matupu. Nilimwona Awuor akiitazama ile nafasi tupu, kisha akinitazama mimi, kama mtu aliyefunguliwa mlango akasita kuingia. Akaingia. Radi alivuka jivu spoki mbili kwa wakati, akipiga kulia, akirusha tena alipokosa, na kwa kuwa kushoto hapakuwa na mtu, hakuhitaji kugeuka huko hata mara moja. Mlango wa kifua niliulenga hadi vizibo vilinichubua vidole. Nilipoupiga, ulifunguka, dereva akaanguka nje, na Radi akaendelea kutembea. Hakuwa akimhitaji. Kivuli cha paa kilipofika ukingo wa Meza, Komanda alikuwa amelala ndani ya jivu na Radi amesimama juu ya kilima cha kati, goti likinesa.

"Lakini si alikuambia?" Robi aliniuliza. Aliuliza kwa kushangaa kweli, wala hakuwa akinicheka. "Alikuambia kushoto, Atieno. Sote tulisikia."

"Nilidhani kila mtu husema kweli," Awuor alisema. "Si ndiyo sheria?"

"Simama basi," mtoto mmoja akaniambia. "Mwenye kiti amefika."

Nilisimama. Springi zililia chini yangu, kisha zikalia chini yake, na sauti ilikuwa ile ile. Walimwuliza kilima kitaitwaje, naye akafikiri kidogo akasema, "Kiitwe Atieno." Wote walisema huo ni wema, na nadhani ulikuwa wema. Ningependelea anipige kofi. Kofi lingepona, lakini kilima kiliitwa jina langu hadi Krismasi, na aliyeliweka alikuwa yeye.

Jioni ile nilimwambia mama nataka shule. Aliniuliza kwa nini, na sikumjibu kwa sababu jibu lilikuwa kifutio. Aliangalia miguu yangu ilivyokuwa mirefu, akasema, "Utakaa na watoto wadogo. Watakucheka." Nikamwambia nimekwisha kuchekwa. Januari iliyofuata niliingia darasa la kwanza, magoti yangu yakigonga dawati kwa chini. Wanaotoa hotuba siku za kufunga shule husema mtu husukumwa na ndoto. Mimi nilisukumwa na Awuor, na nilifika. Nilimaliza shule, nikajifunza ushonaji, nikaolewa Rangwe, nikamzaa Achieng, nikafungua duka langu la sare kwenye barabara ya Homa Bay. Mume wangu alipofariki, nilimzika kwa heshima na sikuomba mtu anishikie cherehani. Awuor alikuja mazishini kutoka ughaibuni akiwa na mume wake mzima mkononi na viatu ambavyo wanawake walivitazama hata wakati wa sala. Aliniombolezea kwa machozi ya kweli. Niliyaona, na nikaona pia viatu.

Mwezi wa Mei mwaka huu, siku ya Jumanne, nilikuwa nikipinda pindo la sketi wakati simu ilipolia ndani ya mfuko wa aproni. Awuor alikuwa amenitumia filamu fupi. Siku hizi kazi yake, na siwezi kuisema bila kukaza taya, ni kuchonga majitu. Yuko na watu wanaotengeneza mchezo wa vita vya mezani, na filamu ile ilikuwa ya kulitambulisha roboti jipya kabla halijaanza kuuzwa. Lilizunguka polepole juu ya kisahani chenye taa. Mwili wake ulikuwa wa plastiki, lakini umepakwa rangi hata ungeapa ni chuma kilicholala nje mvua zote za masika. Mabega yalikuwa kama milango. Mikono ilishikwa kwa sumaku, ukitaka unaweka mzinga, ukitaka unaweka msumeno. Alikigusa kifua kwa ukucha, mlango ukafunguka kulia, na ndani alikaa mwanamke mdogo kama punje ya mahindi, mwenye uso, mwenye nyusi. Kisha Awuor, kwa Kiingereza chake cha huko, akaeleza roboti lile linatembeaje katika mchezo na linapigaje. Mwishoni akatabasamu, akasema kwamba kila jitu lina ugonjwa wake, na ugonjwa wa hili ni goti la kushoto. Yule aliyekuwa akimhoji alicheka kwa furaha, akamsifu kwa ubunifu wa kumtambulisha shujaa pamoja na udhaifu wake. Ubunifu! Chini ya filamu ile watu wa nchi nisizoweza kuzihesabu walikuwa wameandika sifa.

"Mama Achieng, mbona unagombana na simu?" akaniuliza mteja aliyekuwa akingoja sketi ya mwanawe. Sikujua kwamba nilikuwa nimesema kwa sauti.

Nilimpigia Robi, ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi pale pale Isebania. "Umeona?"

"Nimeona. Goti ni lile lile."

"Hakukutaja. Wala babu yako hakumtaja."

"Mimi sina shida, dada. Wivu wako unatutosha sisi wote." Nilimsikia akicheka na kumrudishia mteja chenji. "Anakuja Desemba. Anasema analeta hilo jitu. Niiteremshe Meza?"

"Kiti bado kipo?"

"Kipo dukani. Nakikalia mimi."

"Kitoe vumbi," nilimwambia.

Sasa nina jitu langu. Nililitengeneza kati ya Juni na Agosti, baada ya wateja kuondoka. Kichwa chake ni bobini ya kuviringia uzi, mikono yake mkasi uliovunjika, miguu yake vyuma vya cherehani ya marehemu mama mkwe, na mgongoni nimelishonea zipu ya shaba ndani ya ngozi ya kiatu. Linaitwa Mikayi, jina tunalompa mke mkubwa wa boma, ambaye nyumba yake haihamishwi. Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kwa makusudi, nililiweka juu ya meza ya kukatia, nikalifunika kwa leso, nikamwomba Robi abaki kwenye simu awe shahidi, na nikampigia Awuor kwa simu ya video, tukawa watatu hewani. Nilifunua. Nilimsikia akivuta pumzi, na pumzi ile nimeihifadhi. Nikaeleza Mikayi anatembeaje na anapigaje. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa mtoto: nikautaja ugonjwa wenyewe, ule mkubwa. "Zipu," nilisema. "Akivutwa zipu kwa nyuma, anafunguka mwili mzima. Hakuna kitakachobaki kimesimama."

"Umesema?" Robi akauliza, kwa sauti yake ya zamani.

"Nimesema."

Awuor alisogeza uso karibu na kioo, akamkagua Mikayi juu hadi chini. Kisha akacheka. "Nyar baba, acha hizo. Wewe? Useme ukweli siku ya kuonyesha? Ni huo mkono wa mkasi, si ndiyo? Umelegea begani, nauona kutoka huku. Ngoja Desemba, nitaujia huo mkono na kila kitu nilicho nacho."

"Sheria ni sheria," nilimjibu. "Nimekwisha kusema."

Yeye ana plastiki, sumaku, mume, na mataifa yanayomsifu. Mimi nina zipu, duka moja, na ukweli ambao hakuuamini. Siku zile za Isebania nilifikiri Awuor ana kila kitu, na sasa ninajua kuna kitu kimoja ambacho nilikuwa nacho mimi peke yangu, yaani ule ugumu wa kuamini kwamba mwenzako amekuambia kweli. Nadhani nimemwambukiza. Kabla ya kuandika haya nimemaliza kushona mto mpya wa kile kiti cha dereva, kwa masalio ya kitambaa cha sare, maradufu, kwa sababu springi zile zimezeeka. Pembeni nimeandika kwa chaki tarehe ya Desemba. Vipimo ni vyangu.